Harufu ya Mpira Njia Panda ya Segera

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, siku chache zilizopita nilikuwa naendesha gari kutoka Dar es Salaam kwenda Muheza. Kiti cha nyuma alikaa mama mkwe wangu, ambaye nilikuwa namrudisha nyumbani kwake baada ya kukaa kwetu miezi miwili akitibiwa macho. Tulipita Chalinze, tukavuka mto Wami, tukaiacha Mkata nyuma yetu. Tulipokaribia Kabuku, mama akauliza: "Baba, nani anachoma matairi?"

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Hapakuwa na moshi wala moto. Nikamjibu kwamba ni lile basi lililotutangulia. Basi likaenda zake, likapotea kwenye kona, lakini harufu ikabaki. Nikapandisha vioo vya madirisha. Nakiri mbele yenu kwamba hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza: nilifunga madirisha ili harufu isiingie, kumbe mwenye harufu nilikuwa mimi mwenyewe.

Mama hakusema neno kwa muda. Kisha akasema polepole, kama mtu anayezungumza peke yake: "Marehemu baba yangu alikuwa haiwezi kabisa harufu ya mpira." Nilidhani ni maneno ya njiani tu. Baadaye nilijua kwamba sivyo.

Tulifika Segera mchana jua likiwa kali. Wanaoifahamu njia hiyo wanajua Segera ilivyo. Ni njia panda: ukikata kushoto unakwenda Korogwe, Mombo, Same, Moshi hadi Arusha; ukikata kulia unakwenda Hale, Muheza na Tanga mjini. Mabasi husimama, abiria hushuka kunyoosha miguu, vijana huyakimbilia madirisha wakiwa na machungwa, korosho na maji ya chupa. Nami nikasimama hapo, si kwa kupenda, bali kwa sababu injini ilikuwa imeanza kulia kama mtoto anayetaka nyonyo.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja, mzee wa makamo, aliyekuwa amekaa kwenye tairi chini ya mwembe. Nikamwamkia, naye akaitikia bila haraka. Nilitaka afungue boneti mara moja. Hakufungua. Aliniuliza maswali kwanza, na maswali yenyewe ninataka niwape, maana yanaweza kumsaidia mtu siku moja.

Swali la kwanza: "Harufu inakuja ukikanyaga breki, au hata usipokanyaga?" Akaeleza kwamba kama inakuja na breki, au gurudumu moja likiwa la moto kupita mengine, basi huenda breki imeshika na haiachii. Swali la pili: "Inakuja ukibadili gia kwenye mlima?" Hapo mtuhumiwa ni klachi inayoteleza, ambayo harufu yake watu wengi huichanganya na ya mpira. Swali la tatu: "Ukikata kona, au ukipita kwenye shimo, unasikia kitu kinakwaruza?" Hapo atatazama kama tairi linagusa bodi. Swali la nne: "Harufu ni ya mpira au ya plastiki?" Kama ni ya plastiki, alisema, zima gari upesi na uchomoe waya wa betri, kwani huenda waya unayeyuka, na gari huteketea kwa muda mfupi kuliko mwenye gari anavyodhani.

Majibu yangu yote yalikuwa hapana, isipokuwa kwamba harufu ni ya mpira na injini inalia ninapoongeza mafuta. "Basi ni mkanda," akasema, na hapo ndipo aliposimama.

Alipofungua boneti, akanionyesha mkanda unaozungusha alteneta na pampu ya maji. Ubavu wake mmoja ulikuwa unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na vumbi jeusi lilikuwa limetapakaa kila mahali. Nikashangaa. Nikamwambia kwamba mkanda huo ni mpya. Niliwekewa kwenye gereji moja ya mjini majuma matatu tu yaliyopita, kwa sababu ya harufu hiihii.

Mzee akacheka kidogo. Akasubiri injini ipoe, akaufungua mkanda, kisha akaanza kuzungusha puli moja moja kwa mkono. La alteneta likazunguka bila tatizo. La pampu ya maji likazunguka. Akafika kwenye lile dogo la kukazia mkanda. Likagoma. Akalilazimisha, likakwaruza kama mchanga ulio kwenye meno. Beringi yake ilikuwa imekufa.

"Mwanangu," akaniambia, "mkanda haukuungua kwa makosa yake. Uliunguzwa na puli lisilozunguka. Huyo aliyekubadilishia mkanda akaacha puli, alikuuzia harufu ileile kwa mara ya pili."

Nilimtuma kijana kwa bodaboda kwenda Korogwe kutafuta puli na mkanda mwingine. Tulipokuwa tunamsubiri, tumekaa watatu chini ya mwembe, mama mkwe wangu anamenya chungwa, ndipo nilipomuuliza juu ya marehemu baba yake. Na ndipo, msikilizaji, nilipogundua kwamba nchi ile tuliyokuwa tumekaa ina historia ndefu na harufu ile.

Tuanze mbali kidogo. Utomvu wa mpira peke yake ni kitu dhaifu. Kwenye joto hulainika na kunata, kwenye baridi hukauka na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, ambaye alikuwa amehangaika na mpira kwa miaka mingi na kufungwa kwa madeni, aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa, yaani kiberiti, kisha ukatiwa moto mkali, hubadilika na kuwa imara. Inasimuliwa kwamba aligundua kwa bahati, baada ya mchanganyiko wake kugusa jiko la moto. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba viwanda vyote vya mpira vya dunia vilizaliwa kutokana na harufu ya mpira unaoungua. Goodyear mwenyewe alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898, na ililichukua jina lake kwa heshima tu.

Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe. Baada ya hapo zikaja baiskeli kwa maelfu, kisha magari. Dunia ikawa na njaa ya mpira, na wenye njaa hawakuuliza sana unatoka wapi na unaletwaje.

Jirani zetu wa Kongo walilipa kwa damu. Tangu mwaka 1885 hadi 1908 nchi ile ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kukusanya utomvu wa mipira ya porini, na walioshindwa kutimiza kiasi walichopangiwa walipigwa, waliuawa, na kuna waliokatwa mikono. Ripoti ya mwaka 1904 ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, pamoja na picha za wamisionari, ndizo zilizoufungua macho ulimwengu.

Kwetu pwani nako mpira wa porini ulichumwa na kuuzwa tangu karne ya 19, kabla ya Wajerumani kujiimarisha. Mmea mmojawapo unaotambaa na kutoa utomvu huo wataalamu waliupa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza pale Unguja. Lakini walowezi wa Kijerumani walitaka mashamba, wala hawakutaka kusubiri msitu. Wakaleta mti kutoka jimbo la Ceará nchini Brazili, mti wa jamaa moja na muhogo wetu. Ukiutazama jani lake utadhani ni muhogo uliosahauliwa shambani ukakua hadi kuwa mti. Wakaupanda kwa wingi katika sehemu za Tanga: Muheza, Lewa na kwingineko, kando kando ya reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905.

Namna ya kuuvuna mti ule ilipewa jina la Lewa, na ni jambo la kujua kwa wakazi wa huko. Mfanyakazi alisafisha gome, akalipaka maji ya ndimu au dawa nyingine yenye ukali, kisha akalichomachoma kwa kisu. Utomvu ulitoka na kugandia palepale kwenye mti. Mfanyakazi aliubandua na kuuviringisha kuwa bonge, akahamia mti mwingine. Mabonge hayo yalipelekwa kuoshwa na kukaushwa, na hapo ndipo ilipokuwa harufu. Utomvu unapooza hunuka vibaya, na harufu hiyo hushika nguo, nywele na mikono.

Mwaka 1910 bei ya mpira katika soko la London ilipanda kupita kiasi, ikavuka shilingi 12 za Kiingereza kwa ratili moja. Watu waliingiwa na wazimu. Makampuni yaliundwa London kwa ajili ya kununua mashamba ya Wajerumani katika koloni hili, na waliouza kwa wakati wakatajirika. Mtu aliyekuwa anapita Muheza wakati huo angeapa kwamba mpira ndio utakaoijenga nchi.

Lakini tayari mkanda ulikuwa unaungua. Mwaka 1876, Mwingereza Henry Wickham alikuwa amechukua mbegu zipatazo 70,000 za aina nyingine ya mpira, mpira ulio bora zaidi, kutoka bonde la mto Amazoni, akazipeleka bustani ya Kew kule London. Miche iliyoota ikapelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na Singapore. Miti hiyo ilipokomaa Malaya na nchi za jirani, ilitoa mpira mwingi, safi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 bei ikaanguka, na mti wa Ceará haukuweza kushindana. Mashamba ya Tanga yakaachwa, mengine yakang'olewa na mahali pake pakapandwa mkonge.

Mkonge wenyewe, kama mnavyojua, uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo 62 ikaja sifa yote ya Tanga, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza dunia. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, nao mkonge ukapatwa na yaleyale yaliyoupata mpira.

Sasa nirudi kwa mama mkwe wangu. Mwezi Februari mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani waliiteka Singapore. Walipokwisha kuzishika Malaya na visiwa vya Indonesia, sehemu kubwa mno ya mpira wa dunia ikawa mikononi mwao. Waingereza hawakuwa na matairi ya malori wala ya ndege. Wakakumbuka kwamba Tanganyika kuna miti ya Wajerumani iliyokwisha kuwa pori. Ikaamriwa ivunwe. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kazi ile kwa ujira ule, watu waliandikishwa kwa nguvu za sheria za vita, wakatolewa mikoani kwao na kuletwa mashambani.

Baba wa mama alikuwa mmoja wao. Alitoka Singida, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaletwa Muheza kukata mpira. Mama alisema baba yake hakupenda kusimulia. Alisema tu kwamba waliambiwa wanapigana vita, lakini hawakupewa bunduki wala sare, wala baada ya vita hawakupewa nishani. Vita vilipokwisha mwaka 1945 miti ikaachwa tena, na wenzake wakarudi kwao. Yeye alibaki, kwa sababu alikuwa amempata binti wa Kibondei. Hadi anakufa, mtu akichoma kandambili karibu na nyumba yake, aliondoka.

Nilinyamaza, na fundi naye akanyamaza. Nilifikiri jinsi nilivyopandisha vioo vya gari kule Kabuku.

Msikilizaji, mtu anaweza kuuliza: baada ya uhuru je, hatukujaribu kulirekebisha puli? Tulijaribu, na haki lazima isemwe. Mwaka 1969 iliundwa kampuni ya General Tyre ya Afrika Mashariki, Serikali ikiwa na hisa nyingi na mbia wake akiwa kampuni ya General Tire ya Marekani. Kiwanda kikajengwa Arusha, kikaanza kutoa matairi mwaka 1971. Ikapandwa pia miti ya mpira ya ile aina bora iliyowashinda Wajerumani, huko Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga mkoani Morogoro, ili kiwanda kipate malighafi ya nyumbani. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 1980 na 1990 tunalikumbuka jina hilo lilivyoandikwa ubavuni mwa matairi ya malori na mabasi. Kwa mara ya kwanza utomvu wa Muheza ulikuwa na mahali pa kwenda kuwa tairi bila kuvuka bahari.

Mwaka 1987 kampuni ya Continental ya Ujerumani ilimnunua yule mbia wa Marekani, na kwa hiyo Wajerumani wakarudi kwenye mpira wetu kwa mlango mwingine. Mnunuzi alikuwa na matairi ya kuagiza kutoka kila pembe ya dunia, mitambo ya kiwanda ilizeeka, mtaji ukapungua. Kabla miaka ya 2000 haijamalizika kiwanda kilikuwa kimesimama, na tangu hapo tumesikia ahadi nyingi za kukifufua.

Sisemi kwamba kila mkanda na kila tairi lazima litoke Muheza. Mikanda mingi ya injini siku hizi hutengenezwa kwa mpira wa viwandani unaotokana na mafuta ya petroli. Lakini mpira wa mti haujapitwa na wakati: matairi ya malori makubwa na ya ndege bado yanautegemea sana, kwa sababu unavumilia joto na mzigo kuliko ule wa viwandani. Soko lipo, na ardhi ipo.

Ninachosema ni kile alichoniambia fundi. Mwaka 1913 tulibadilishiwa mkanda: ukatolewa mpira, ukawekwa mkonge. Mkonge ulipoungua, wakaja wataalamu wakatuambia tupande hiki, na kesho yake kile. Kila mara tunafurahia mkanda mpya unavyong'aa. Puli lenyewe, yaani ile desturi ya kuuza kitu kibichi kwa bei anayopanga mwingine na kukinunua kikiwa kimepikwa kwa bei anayopanga huyohuyo, bado liko palepale, beringi imekufa, na hakuna anayelizungusha kwa mkono kuona kama linazunguka. Pale Arusha tuliligusa, likazunguka kwa miaka zaidi ya 30. Halikushindikana. Liliachwa bila grisi.

Wapo watakaoniambia kwamba miaka ile kiwanda kililindwa na Serikali na ndiyo maana kilisimama wima. Inawezekana. Lakini hata Malaya mashamba yale hayakuota yenyewe. Yalikuwa na watafiti, barabara, bandari na benki nyuma yake, na nchi huru ya Malaysia iliendelea kutoka kwenye utomvu hadi kwenye viwanda vya mipira ya mikono inayovaliwa na madaktari dunia nzima. Nao walikuwa na puli. Tofauti ni kwamba walilihudumia.

Kijana wa bodaboda alirudi baada ya saa moja na nusu. Fundi akaweka puli kwanza, akalizungusha kwa kidole ili nami nione na nisikie. Halikutoa sauti. Kisha akavisha mkanda, akaubonyeza katikati kupima unavyolegea, akaniambia niwashe. Injini ikanguruma kwa adabu. Akaniachia ikae inanguruma kwa muda, akainusa, akaridhika. Alinikabidhi ule mkanda ulioungua na kusema niuweke nyuma ya kiti, ili nikifika mjini nikamwonyeshe yule aliyeniwekea.

Bado ninao. Sijaupeleka, kwa sababu sina hakika ni nani hasa anayestahili kuonyeshwa.

Tulikata kulia, tukaelekea Muheza vioo vikiwa vimeshushwa. Tulipopita Hale upepo ulikuwa wa mkonge na majani mabichi. Mama alivuta hewa, akasema, "Sasa imekwisha." Nilipomfikisha nyumbani alinionyesha, nyuma ya shamba la jirani, mti mmoja mkongwe wenye majani kama ya muhogo na gome lililojaa makovu. Hakuna anayeukata, alisema, na hakuna anayeuvuna. Watoto huchezea chini yake bila kujua ni mti gani. Nilipitisha kidole kwenye makovu yale, nikaaga, nikarudi Dar es Salaam usiku uleule.

Ndugu msikilizaji, ukisikia harufu njiani, usifunge kioo. Simama, uliza maswali manne, na kabla hujalipia mkanda mpya, lizungushe puli kwa mkono wako mwenyewe. Hadi juma lijalo, kwaherini.